MRI, mkojo au vyote viwili? Kuchagua kipimo kabla ya kukatwa kinyama cha tezi dume

PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, imerudi 7.2 na daktari ameandika kwenye karatasi: apelekwe kukatwa kinyama, yaani achomwe sindano ya kutoa vipande vidogo vya tezi vikapimwe. Hapo ndipo wazee wengi hukwama. Yupo anayekwenda kuchomwa kesho yake bila kuuliza chochote. Yupo anayekunja karatasi, akaisunda chini ya godoro na kuendelea na shughuli zake. Na siku hizi yupo wa tatu, ambaye mwanawe amekesha mtandaoni na kukuta kwamba Ulaya na Marekani watu hupigwa MRI, yaani picha ya sumaku, kwanza, wengine hutoa mkojo tu, na sindano ikaahirishwa au ikafutwa kabisa. Huyo anarudi kwa daktari na swali: mimi nifanye kipi?

Msimamo wangu nausema mapema. Kama fedha inatosha kimoja tu, chagua MRI. Kipimo cha mkojo kinalipa pale MRI inapotoa jibu la nusunusu. Kuvifanya vyote viwili ni jambo jema ikiwa kanuni ya kusoma majibu imepangwa kabla. Isipopangwa, unaweza kulipa mara mbili na kutoka na mashaka zaidi ya uliyoingia nayo.

Ambaye hahusiki na ulinganisho huu

Mwenye PSA ya 100, mgongo unaouma usiku, au tezi ambayo daktari ameigusa kwa kidole akaikuta ngumu na yenye mabonge, asipoteze wiki akichagua kati ya picha na mkojo. Huyo anahitaji ugonjwa uthibitishwe, mifupa iangaliwe na matibabu yaanze. Miguu ikianza kufa ganzi au kuishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa. Nalitanguliza hili kwa kuwa Afrika Mashariki wanaume wengi hufika hospitali saratani ikiwa imeshatoka nje ya tezi, na makala za mtandaoni kuhusu vipimo vya kisasa zimeandikwa kwa ajili ya nchi ambako tatizo kubwa ni lile la upande wa pili: kugundua mno, yaani kukuta saratani ndogo ambazo zisingemdhuru mtu.

Maelezo yanayofuata ni ya mwanaume ambaye PSA yake imepanda kidogo, tuseme kati ya 3 na 20, hana dalili au ana zile za kuamka usiku kukojoa, na kidole hakikukuta cha kutisha. Kwake jibu kweli halijulikani. Wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10 wakikatwa kinyama, karibu robo yao ndio hukutwa na saratani. Upande mwingine, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulikata vinyama wanaume ambao PSA yao haikuvuka 4, na 15 kati ya 100 walikutwa nayo. PSA ni protini ya tezi, si protini ya saratani. Tezi iliyokua kwa umri huimwaga, tezi yenye maambukizi huimwaga, na yenye saratani vilevile.

Anza na mkojo wa bei ndogo

Watu wanapouliza "kipimo cha mkojo cha tezi dume" mara nyingi wanachanganya vitu viwili. Kipimo cha kawaida cha mkojo, kile cha kuchovya kijiti na kutazama kwa hadubini katika kituo chochote cha afya, hakiwezi kuonyesha saratani ya tezi dume. Hata kidogo. Hata hivyo ndicho cha kufanya kwanza, kwa sababu kinaonyesha maambukizi, na maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha PSA kupita kiasi. Ukikutwa nayo, tibiwa, subiri wiki sita hivi, kisha rudia PSA. Wapo ambao ya pili hurudi chini na safari yote ya MRI na sindano ikaishia hapo.

Damu kwenye mkojo nayo ina mambo yake. Kwa mtu wa pwani au wa Kanda ya Ziwa, kichocho kinaweza kuileta, na kichocho cha muda mrefu kinahusishwa na saratani ya kibofu, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa. Ukikojoa damu, usikubali mjadala ukaishia kwenye tezi tu.

Kabla ya kurudia PSA, kaa siku mbili bila kumwaga mbegu na bila kuendesha baiskeli kwa muda mrefu. Na kama unatumia finasteride au dutasteride kwa ajili ya tezi iliyokua, mwambie daktari. Dawa hizo zikitumika miezi sita hadi mwaka huishusha PSA kwa karibu nusu, kwa hiyo 3.6 yako inaweza kuwa ni 7.2 iliyovaa koti. Nimeona karatasi za majibu zenye neno "kawaida" ambazo kwa hesabu hiyo hazikuwa za kawaida hata kidogo.

MRI inaona nini

MRI haitumii mionzi ya eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu, na katika tezi dume inatazama mambo mawili makuu: umbo la tishu, na jinsi maji yanavyotembea ndani yake. Seli za saratani zinapobanana, maji hayapiti kwa urahisi, na sehemu hiyo hujitokeza kwenye picha. Jambo la tatu, kwa desturi, lilikuwa kuchoma dawa ya kung'arisha picha na kutazama inavyoingia na kutoka. Hilo la tatu linaanza kuachwa. Utafiti wa PRIME uliotoka mwaka 2025, wenye wanaume 490 kutoka nchi mbalimbali, uliwasoma watu wale wale kwa picha zenye dawa na zisizo na dawa, na saratani hatari zilipatikana kwa karibu sawa: 29 kati ya 100 bila dawa, 30 kwa dawa. Bila dawa, kipimo huchukua dakika 15 hadi 20 badala ya 30 hadi 40, hakuna sindano ya mkononi, na gharama hupungua. Kwa nchi yenye mashine chache na foleni ndefu, hii ni habari kubwa kuliko kipimo chochote kipya cha mkojo. Sharti lake ni kwamba picha ziwe safi na msomaji awe mzoefu. PRIME ilikagua ubora wa picha kabla ya kuanza.

Majibu huja kwa alama za PI-RADS, 1 hadi 5. Moja na mbili: hakuna cha kutilia shaka. Nne na tano: kuna sehemu ya kuchomwa, na sasa daktari anajua ni wapi. Tatu ndiyo inayomkosesha mtu usingizi, maana yake "huenda", na wengi wa wenye tatu hawana saratani hatari.

Takwimu za kuaminika zilitoka Uingereza mwaka 2017, katika utafiti wa PROMIS. Wanaume 576 walipigwa MRI, wakakatwa kinyama kwa njia ya zamani, na wote wakachomwa tezi nzima kwa nafasi za milimita tano tano ili ukweli ujulikane. MRI iliwanasa 93 kati ya kila 100 wenye saratani hatari. Njia ya zamani, ile ya kuchoma sindano 10 hadi 12 kwa kukisia kupitia njia ya haja kubwa, iliwanasa 48. Soma tena hiyo namba, kwa sababu njia hiyo ya zamani ndiyo wanayopata wengi wetu hadi leo. Aliyeambiwa "kinyama ni safi" bila MRI hajapewa hakikisho kubwa kama anavyodhani.

Ubaya wa MRI upo katika nusu ya pili ya PROMIS: kati ya wanaume 100 wasio na saratani hatari, iliwaondolea shaka 41 tu. Waliobaki walionekana wana kitu. Inanasa sana na inatisha sana.

Mwaka uliofuata utafiti wa PRECISION, wa wanaume 500, ulijibu swali la vitendo: je, kuchoma sehemu iliyoonyeshwa na MRI kunasaidia? Saratani hatari zilipatikana kwa 38 kati ya 100, dhidi ya 26 kwa njia ya zamani, huku saratani ndogo zisizo na haja ya kutibiwa zikishuka kutoka 22 hadi 9. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 miongozo ya Uingereza na ya madaktari wa mfumo wa mkojo Ulaya inataka MRI itangulie sindano.

Mkojo wa jeni ni mkojo gani

Mirija ya tezi dume humwaga majimaji yake ndani ya mrija wa mkojo. Seli na vipande vya seli hubebwa humo, vikiwa na RNA, yaani maandishi ya jeni zilizokuwa zikifanya kazi. Maabara ikizisoma inaweza kukadiria kama ndani ya tezi kuna seli zenye tabia ya saratani hatari. Haisomi saratani yenyewe, inatoa uwezekano.

Vipo vinne vya kuvijua. PCA3 ndicho mkongwe, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa wanaume ambao kinyama chao cha kwanza kilikuwa safi lakini wasiwasi haujaisha. SelectMDx husoma jeni mbili, HOXC6 na DLX1, na kuchanganya na umri, PSA na ukubwa wa tezi. ExoDx husoma jeni tatu kutoka kwenye vifuko vidogo vinavyodondoshwa na seli, na hutoa alama ambayo mpaka wake ni 15.6; ukiwa chini ya hapo, uwezekano wa saratani hatari ni mdogo. MyProstateScore 2.0, kazi ya Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao iliyochapishwa mwaka 2024, husoma jeni 18. Watafiti wake walipokipanga kisikose zaidi ya saratani hatari 5 kati ya 100, kingeepusha vinyama visivyo vya lazima kwa 35 hadi 42 kati ya 100, huku PSA pekee ikiepusha 11.

Hapa kuna kichekesho kidogo. Wengi wanaokiulizia kipimo cha mkojo wanakikimbia kidole. "Daktari, hiki cha mkojo si ndiyo hakuna kidole?" Sivyo. PCA3 na SelectMDx vinataka daktari aikande tezi kwa kidole kwanza, ili majimaji yashuke, ndipo ukojoe ule mkojo wa mwanzo kwenye kikombe. ExoDx hakihitaji kidole.

Usikichanganye hata kimoja kati ya hivi na vijiti vya "kupima tezi dume kwa mkojo dakika tano" vinavyouzwa mitaani, wala mashine za kushika mkononi zinazodai kusoma mwili mzima na kukutolea orodha ya magonjwa 30. Hizo zote ni biashara ya hofu yako.

Vikiwekwa pamoja

| Swali | MRI | Mkojo wa jeni |
|---|---|---|
| Kinasema saratani iko wapi? | Ndiyo, na husaidia kulenga sindano | Hapana |
| Kinapima ukubwa wa tezi? | Ndiyo | Hapana |
| Kinategemea nini zaidi? | Jicho la msomaji na ubora wa mashine | Sampuli kufika maabara salama |
| Kinapatikana wapi? | Miji mikubwa ya Afrika Mashariki | Maabara zake ziko Marekani na Ulaya |
| Kinamfaa nani hasa? | Karibu kila mwenye PSA ya utata | Mwenye MRI ya utata, au asiyeweza kuingia MRI |
| Kinathibitisha saratani? | Hapana | Hapana |

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika. Vyote viwili vinajibu swali moja tu: je, sindano inastahili? Anayethibitisha ni mtaalamu wa patholojia akiwa na kinyama chini ya hadubini.

Uholanzi walivilinganisha moja kwa moja, SelectMDx na MRI kwa wanaume wale wale ambao hawajawahi kukatwa kinyama. Mkojo ungewaepusha sindano 38 kati ya 100, ukikosa karibu 10 kati ya kila 100 ya saratani hatari. MRI ingewaepusha 49, ikikosa karibu 5. MRI inaongoza pande zote mbili, na juu ya hapo inakuonyesha pa kuchoma. Ndiyo maana siwashauri watu waanze na mkojo pale MRI inapopatikana.

Hesabu ya kuviunganisha

Ukifanya vyote viwili, majibu yanaweza kukubaliana au kugongana. Yakigongana unafuata kipi? Hilo ndilo swali la kuulizwa kabla ya kulipa, na ndilo linaloachwa hadi majibu yawe mezani.

Chukua mfano wa wanaume 100 wenye PSA ya utata, 30 wana saratani hatari na 70 hawana. Tuseme MRI inanasa 90 kati ya 100 ya wenye ugonjwa na kuwaondolea shaka 40 kati ya 100 ya wasio nao, jambo lisilo mbali na PROMIS. Mkojo tuupe 90 na 35. Namba hizi ni za kufanyia hesabu tu.

MRI peke yake: wanaonaswa ni 27 kati ya 30, watatu wanaponyoka, na 28 kati ya 70 wanaepuka sindano.

Kanuni ya "chochote kikionyesha shaka, chomwa": sasa kuponyoka ni lazima vipimo vyote viwili vikose, kwa hiyo karibu wote 30 wananaswa. Lakini wanaoepuka sindano wanabaki 10 tu kati ya 70. Umelipia vipimo viwili ili karibu kila mtu achomwe.

Kanuni ya "mpaka vyote viwili vionyeshe shaka": wanaoepuka sindano wanapanda hadi 43 kati ya 70. Vizuri. Ila wenye saratani hatari wanaonaswa wanashuka hadi 24, sita wanarudi nyumbani wakiwa wameambiwa wasihofu.

Kwa watu halisi tofauti hizi huwa ndogo kidogo, kwa sababu saratani inayojificha kwenye picha wakati mwingine hujificha na kwenye mkojo. Mwelekeo haubadiliki. Kuunganisha vipimo hakukupi usahihi wa bure. Kunahamisha makosa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ni wewe na daktari wako mnaoamua makosa yapi mnaweza kuishi nayo. Mwanaume wa miaka 52 ambaye baba yake alikufa kwa ugonjwa huu hatavumilia kuponyokwa. Mzee wa miaka 78 mwenye moyo dhaifu anaweza kuona sindano yenye hatari ya maambukizi ni mzigo mkubwa kuliko saratani ndogo ambayo huenda isimfikie.

Kanuni ya tatu ndiyo naiona ya busara: MRI kwa wote, mkojo kwa wale ambao MRI haikuwapa jibu. PI-RADS 4 na 5 wachomwe, mkojo wa nini? Hata ukirudi mzuri hakuna daktari makini atakayeacha kuchoma doa lenye alama ya 5. PI-RADS 1 na 2 wenye hali nyingine nzuri wafuatiliwe kwa PSA. Wanaobaki ni wa 3, pamoja na wa 1 na 2 ambao PSA inaendelea kupanda au wenye ugonjwa katika ukoo. Kwao mkojo wa jeni unaweza kweli kuisukuma mizani.

Wazee wawili, PSA moja

Kabla ya kutuma mkojo ng'ambo, kuna kipimo cha tatu ambacho hakihitaji mashine mpya wala fedha ya ziada, nacho ni kugawanya.

Mzee wa kwanza ana PSA ya 7.2 na tezi ya mililita 60. Gawanya: 0.12. Wa pili ana PSA hiyo hiyo ya 7.2, tezi yake ni mililita 30. Gawanya: 0.24. Huu huitwa msongamano wa PSA, na mpaka unaotumika sana ni 0.15. Tezi kubwa ina haki ya kutoa PSA nyingi. Tezi ndogo inayotoa PSA nyingi ina la kujieleza. Wote wawili wakirudi na PI-RADS 3, wa kwanza anaweza kukaa na kurudia PSA baada ya miezi sita, wa pili mimi ningemshauri asingoje.

Ukubwa wa tezi unaandikwa kwenye ripoti ya MRI, na hata utrasaundi ya hospitali ya mkoa huutoa. Mara nyingi namba zote mbili zimo ndani ya faili la mgonjwa, PSA ukurasa mmoja na mililita ukurasa mwingine, na hakuna aliyezigawanya. Kwa wengi wa Afrika Mashariki, MRI pamoja na msongamano wa PSA ndiyo muunganiko unaopatikana, na unafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo mkojo wa jeni ungefanya.

Jeni za nani?

Kuna jambo ambalo matangazo ya vipimo vya mkojo hayalitaji. Mwaka 2005 watafiti wa Michigan waligundua kwamba katika saratani nyingi za tezi dume jeni mbili, TMPRSS2 na ERG, huungana. Ugunduzi huo ulizaa vipimo kadhaa: toleo la kwanza la MyProstateScore liliutegemea, na ExoDx nayo husoma ERG. Muungano huo huonekana katika karibu nusu ya saratani za wanaume wazungu. Kwa Wamarekani weusi ni karibu theluthi moja, na kwa wanaume weusi wa Afrika Kusini umekutwa ni nadra zaidi.

Maana yake kwa mwanaume wa Tanga, Kisumu au Bujumbura ni kwamba kipimo kinachotafuta alama hiyo kina alama chache za kutafuta ndani yake. Kukosekana kwake kunaweza kumpa utulivu asiostahili. Vipimo vya jeni nyingi, kama kile cha jeni 18, vimepunguza utegemezi huo, lakini wanaume wengi waliopimwa katika tafiti hizi bado ni wazungu wa Marekani na Ulaya. Na ni sisi tulio katika hatari kubwa: Uingereza mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne hupata saratani hii maishani mwake, dhidi ya mmoja kati ya wanane kwa wanaume wote.

MRI haijali ukoo. Seli zikibanana, maji hayapiti, uwe Mmakonde au Mskoti.

Fedha na umbali

MRI ya tezi dume hufanyika Muhimbili na katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na Mombasa. Nchini Tanzania ni suala la laki kadhaa za shilingi, na bima zinatofautiana, kwa hiyo uliza kwanza kama yako inailipia kwa rufaa ya daktari bingwa. Mkojo wa jeni ni hadithi nyingine: ExoDx, kwa bei inayolipwa na bima ya wazee ya Marekani, ni dola 760, na hapo bado hujasafirisha sampuli. Ndugu aliyeko London au Minneapolis anaweza kuufikia kupitia daktari wake bila taabu. Aliyeko Songea, kwa fedha hiyo hiyo, atapata MRI, utrasaundi, PSA za kurudia na nauli ya kwenda na kurudi.

Isipokuwa mtu hawezi kuingia kwenye MRI: ana betri ya moyo isiyoruhusu, au nyonga ya chuma inayoharibu picha, au hawezi kabisa kuvumilia kulala ndani ya lile tundu. Huyo, kama ana uwezo, mkojo wa jeni pamoja na msongamano wa PSA ni njia ya heshima.

Na asiye na uwezo wa MRI wala mkojo? Asikae akisubiri. Kinyama cha njia ya zamani, pamoja na udhaifu wake wote, ni bora kuliko karatasi iliyo chini ya godoro. Aulize tu kama wanaweza kuchoma kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kwa kuwa maambukizi ni machache kuliko kupitia haja kubwa, na ajue mapema kwamba damu kidogo kwenye mkojo, na kwenye mbegu kwa wiki kadhaa, ni ya kawaida. Homa na kutetemeka si kawaida: rudi hospitali usiku huo huo.

Hofu nyingine ya kuitoa njiani: kukutwa na saratani si lazima kufanyiwa upasuaji. Katika utafiti wa ProtecT wa Uingereza, wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa kwenye upasuaji, mionzi au kufuatiliwa tu. Baada ya miaka 15, karibu 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa ugonjwa huo, katika makundi yote matatu. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa nayo mwaka 1997, akatibiwa, na akaendelea kuwasema watawala hadi uzeeni. Alifariki mwishoni mwa 2021.

Ukishaamua MRI

Ifanye kabla ya kinyama. Ukishachomwa, damu inayobaki ndani ya tezi huchafua picha, na itabidi usubiri wiki sita au zaidi. Ukipiga simu kuweka miadi, uliza kama wanapiga MRI ya tezi dume yenyewe au ya nyonga kwa jumla. Ya pili haitoshi. Uliza kama ripoti itakuwa na alama ya PI-RADS na ukubwa wa tezi kwa mililita, na kama msomaji husoma za tezi dume mara kwa mara. Kama watatumia dawa ya kung'arisha picha, watataka kipimo cha figo, hivyo nenda na majibu ya kreatinini. Peleka pia PSA zako zote na tarehe zake, hata zile za zamani.

Na usiondoke na karatasi peke yake. Omba picha zenyewe kwenye CD, kwa sababu daktari atakayelenga sindano atataka kuliona doa kwa macho yake, na mara nyingi yuko hospitali nyingine.